Daftari la Daktari wa Punje

Asubuhi hiyo Nestor alijaribu kushuka kitandani, miguu ikamkatalia. Haikuuma. Ilikataa tu, kana kwamba ni ya jirani. Akamwita mkewe, na sauti ikatoka nzito kama ya mlevi, ilhali Nestor tangu aokoke hajui hata harufu ya pombe.

"Mama Eliane, kuja uone. Miguu yangu haisikii tena."

Perpétue aliacha chungu jikoni akaingia mbio. Akamshika mkono, ulikuwa wa baridi. Akalaza sikio kifuani pake, na alichokisikia humo kilimkausha mate. Moyo ulipiga mara moja, ukangoja, ukangoja, ndipo ukapiga tena.

"Yesu wangu! Ni zile punje!" akapiga kelele. "Ni ule Mrundi na punje zake! Ameniulia bwana!"

Hakuna aliyemwomba ushahidi. Mtu akiogopa hatafuti ushahidi, anatafuta wa kumshika koo.

Figo za Nestor zilikuwa zinakufa polepole. Presha aliyotoka nayo kwao Uvira, Kongo, miaka mingi nyuma, bila kujua kuwa anayo, ilikuwa imezitafuna, na Daktari Ngoga wa Mbarara alimwambia waziwazi kwamba kilichobaki ni kama robo. Kila mwezi walikwenda kliniki kuchukua vidonge. Siku ya kwanza kabisa Perpétue alipewa karatasi, akaibandika ukutani jikoni. Chumvi aache. Ndizi, parachichi na juisi ya matunda aache. Mboga na viazi vichemshwe mara mbili, maji yamwagwe. Perpétue aliuza ndagala, wale dagaa wa kwao, na mawese sokoni Misiera, kijiji chao ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na hakuwa mtu wa kubahatisha. Alichemsha, akamwaga. Akachemsha tena, akamwaga tena. Majirani walimtania kwamba sombe yake imeoshwa mpaka imesahau ilitoka kwa muhogo.

Taabu ni kwamba Nestor hakuweza kuila. Chakula kisicho na chumvi kilimshinda. Kila asubuhi alishikwa na kichefuchefu, na ngozi ilimwasha hata akajikuna kwa gunzi la muhindi. Alikonda mpaka siku moja akinawa, pete ya ndoa ikamtoka kidoleni ikazama kwenye beseni. Perpétue alipoiona pale chini ya maji alikaa chini akalia. Ndipo mama mmoja wa kanisani akamtajia Damascène.

Huyu Damascène alikuwa Mrundi wa makamo, Mkatoliki, mpole wa kukera. Kabla ya kukimbia kwao alisomeshwa omiopati, tiba ya dawa ndogo mno ndani ya punje, na masista, na katika chumba chake karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi, alikuwa na sanduku la chupa ndogo ndogo zenye punje nyeupe kama mtama. Watu walimwita daktari wa punje, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Na neno la kwanza alilomwambia Nestor lilikuwa hili:

"Mzee, hizi hazifufui figo. Labda zitakupunguzia muwasho na kichefuchefu, zikikubali. Vidonge vya Mbarara usiviache hata siku moja. Ukiviacha, mimi zangu sikupi."

Kisha akafungua daftari, akaanza kuuliza. Na aliuliza, jamani! Unalala upande gani? Unaota nini? Ukiwa na kiu unataka maji ya baridi au ya moto? Chakula gani unakitamani hata ukiwa umeshiba? Mama yako alikipika vipi? Saa nzima na nusu, na kila jibu analiandika. Perpétue alichoka akamwambia, "We Damascène, hii ni dawa ao ni interview ya HCR?"

Kila mkimbizi wa Nakivale anaijua interview ya hilo shirika la wakimbizi. Unajibu ulichoulizwa, unafunga mdomo. Ukiongeza neno, linaandikwa, na mwakani linarudi kukuuliza kwa nini halifanani na la ndugu yako. Perpétue alikuwa amehojiwa mara sita tangu wavuke mpaka, akawa fundi wa kujibu. Lakini Damascène alicheka tu, akageuza ukurasa. Na kila walipomrudia aliuliza upya na kuandika upya, akimsikiliza mtu kama hana pengine pa kwenda, na kwa msikilizaji wa namna hiyo hata fundi hujisahau.

Basi Nestor akaanza punje, tano chini ya ulimi, bila kuzigusa kwa vidole na bila kunywa kahawa. Wiki ya tatu, hamu ya chakula ikarudi. Akawa anafuta sahani kwa tonge la mwisho! Perpétue akaimba jikoni, akamsifu Damascène soko zima. Zikapita wiki tano za raha. Halafu ikaja asubuhi hii, na miguu isiyosikia.

Ambilansi ya kituo cha afya ilipofika, Perpétue alitupa kikapuni sufuria ya sombe ya jana, unga, kijiko, na chupa yake ya kupikia, maana hospitalini mgonjwa hulishwa na watu wake. Gari likiwa bado linageuza, akampigia simu shemeji yake Bienfait, mdogo wa Nestor, mtu wa mkono mwepesi.

"Shemeji, kaka yako anakufa. Mukamate ule mutu wa punje kabla atoroke!"

"Nilisema mimi," Bienfait akajibu. "Kikulacho kiko mu nguo yako. Niachie yeye."

Perpétue akamwachia. Hakutaka hata kujua watamfanya nini.

Mbarara, Daktari Ngoga aliwapokea mwenyewe. Alikuwa Mnyankore aliyezaliwa katika kambi ya jeshi ya Makenke, mtoto wa sajini, na Kiswahili alichokiokota huko kilikuwa kifupi kama amri. Alitazama karatasi yenye mistari ya moyo wa Nestor, akawaita wauguzi wawili kwa jina, akachoma sindano mshipani kabla hata ya kumsalimia mtu.

"Mama, sikiliza. Ndani ya damu iko kitu naitwa potasiamu. Mtu mzima nakuwa na nne, tano hivi. Hii yake iko saba na nusu. Ikipanda kidogo tu, moyo nasimama. Basi. Nasimama tu."

Perpétue aliweka mkono kifuani kwa mumewe, na daktari akaendelea kuuliza.

"Yeye nakula nini?"

"Ile ya karatasi yako, Docteur."

"Ndizi?"

"Hapana."

"Parachichi? Juisi?"

"Hapana."

"Mboga unamwaga maji?"

"Mara mbili. Siku zingine mara tatu."

"Chumvi unatia?"

"Hata kidogo. Mungu ananiona."

Alijibu alichoulizwa, na kila jibu lilikuwa kweli.

"Dawa ingine?"

Hapo ndipo mdomo wake ulipofunguka. Akamwaga yote, Mrundi, sanduku, punje, miguu kukataa. Daktari akakunja uso. "Nataka kuona hizo punje. Na mtu mwenyewe. Leo."

Saa tano wakapima damu tena. Sita na nusu. Sindano zilikuwa zinafanya kazi, na Nestor alifumbua macho vizuri, akamtambua mkewe, akasema neno tamu kuliko yote ambayo mgonjwa anaweza kusema: "Njaa inaniuma." Perpétue alikimbia nayo hiyo njaa mpaka jikoni kwa wauguzaji, ndugu wanaokesha na wagonjwa, nyuma ya wodi. Akapasha sombe, akaionja, akaitengeneza ikae sawa, akasonga ugali mdogo, akarudi kumlisha kijiko kwa kijiko. Nestor alikula kama mtu aliyetoka shamba. Perpétue alimtazama taya zikienda, akamshukuru Mungu kwa kila tonge.

Saa saba wakapima tena. Daktari Ngoga alirudi na karatasi mkononi, na safari hii hakuwa anatembea, alikuwa anakimbia.

"Saba nukta mbili! Mimi nashusha, kitu napandisha! Umempa punje hapa?"

"Sina hata moja! Naapa, Docteur, niliziacha ku nyumba!"

"Basi iko ndani ya mwili wake bado, ama sijui." Akajipangusa paji la uso. "Mashine ya kuosha damu iko na mtu mpaka saa kumi na mbili. Sindano nazo hazishushi siku nzima. Tunaomba huyu mzee afike hapo."

Akaagiza sindano nyingine, akaenda. Perpétue akahesabu kwa vidole. Masaa matano mazima. Alikaa kando ya kitanda, mkono kifuani kwa mumewe, akisikiliza pigo, na kila pigo lilipochelewa alisukuma hewa kwa mdomo wake mwenyewe kana kwamba angeweza kumsaidia. Chuki aliyokuwa nayo kwa Damascène ilimjaa mpaka kooni. Akapiga simu tena. Nyuma ya sauti ya Bienfait alisikia watu wakipiga kelele, na mmoja akisema, choma sanduku, choma na nyumba.

"Msichome kwanza," akasema. "Docteur anamutaka. Mumulete akiwa anapumua. Akishamaliza naye, mutajua ninyi wenyewe."

Walifika saa tisa. Bienfait alitangulia na sanduku kwapani kama aliyeteka mji. Nyuma yake Damascène, shati limechanika bega zima, mdomo umepasuka, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kule kambini vijana walimnyang'anya sanduku, simu na rozari. Daftari hawakuliona lina maana yoyote, na alikuwa amelichomeka kiunoni chini ya shati.

"Muuaji!" Perpétue alimrukia, sahani ya sombe mkononi. "Nilikupa bwana yangu mikononi! Nilikuletea hata ndagala! Alikukosea nini?"

Damascène hakurudi nyuma. Alimtazama Nestor kitandani, macho yakamjaa maji. "Mama Eliane, kama ni mimi, Mungu anihukumu. Niambie tu anaendeleaje."

"Kelele hapana," Daktari Ngoga akasema. Alichukua sanduku, akaweka punje kiganjani, akazisaga kwa kucha, akasoma majina kwenye chupa moja baada ya nyingine, chupa zote ambazo Damascène alimpa Nestor punje zake. Mwishowe akazirudisha.

"Hii iko sukari. Dawa ndani ni kidogo mpaka huwezi kuiona hata na mashine. Haiwezi kupandisha potasiamu. Figo pia haiwezi kuponya."

"Sikusema zitaponya, Daktari," Damascène akajibu taratibu. "Mzee mwenyewe anajua."

"Sasa kama si wewe, ni nini?"

Perpétue alisikia hayo na hakutaka kuyasikia. Madaktari kwa madaktari, akawaza, wanalindana. Akawapa mgongo. Nestor lazima apate nguvu kabla ya mashine, na mgonjwa haulizwi uji. Akakaa kitandani, akamwinua kichwa, akajaza kijiko.

Nyuma yake Damascène alikuwa amechomoa daftari. "Mimi huandika kila kitu, Daktari. Labda wewe utaona nisichokiona." Akalamba kidole chenye damu, akafunua, akasoma kwa sauti ya kanisani. "Ziara ya kwanza. Mzee hali, muwasho mkali, anaota mto wa kwao. Anatamani chumvi sana. Ziara ya pili. Muwasho umepungua kidogo. Bado hali. Ziara ya tatu. Hamu ya chakula imerudi kabisa, sahani inakuwa nyeupe. Mke anasema chumvi ya duka hatii kamwe. Badala yake anatia maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kama mama yake alivyopika, vijiko vitatu kila sufuria. Mzee anafurahi, anasema amerudi nyumbani."

"Rudia," Daktari akasema.

"Maji ya majivu ya maganda ya..."

"Mama! Acha! Acha hiyo!"

Kijiko kilikuwa kimegusa mdomo. Daktari Ngoga alivuka wodi kwa hatua tatu akakipiga kwa mkono, sahani ikaruka, sombe ikamwagika shukani na sakafuni. Wagonjwa wote wakageuka.

"Umemlisha leo? Saa ngapi? Na hiyo majivu?"

Perpétue alitazama kikapu chake chini ya kitanda. Humo ilikuwamo ile chupa, na maji ya kahawia mpaka nusu. Maganda aliyaomba kwa Waganda wauza matoke, akayakausha juu ya bati, akayachoma, akaweka majivu kwenye kopo lililotobolewa, akayadondosha maji tone kwa tone, usiku wa kwanza na wa pili, kwa subira yote aliyonayo. Mama yake alimfundisha hivyo, kwani kwao kijijini kulipokosekana chumvi ya duka wakati wa vita, hayo ndiyo yaliyowalisha. Chumvi ilikatazwa. Hii haikuwa chumvi, ilikuwa majivu. Haikutoka dukani, haikuwa na mtu aliyeitia sumu. Aliitoa kikapuni kwa mikono miwili, akampa daktari.

Daktari akadondosha tone kwenye ulimi, akalitema.

"Mama, mimi nakukataza ndizi kwa sababu ya potasiamu. Ukichoma maganda, vingine vyote vinakwenda na moshi. Potasiamu nabaki kwa majivu. Wewe unachemsha mboga, unamwaga potasiamu nje mara mbili, halafu unarudisha mara kumi." Sauti yake ikashuka. "Hii ndiyo ilikuwa inamuua."

"Ni mimi?" Perpétue akauliza.

"Nilikuuliza chumvi. Majivu sikukuuliza."

"Mimi niliuliza, nikaandika," Damascène akasema, ameshika mdomo wake uliopasuka. "Nikafurahi kwamba anakula. Nilidhani ni punje zangu."

Daktari alikuwa tayari ameanza kazi. Sindano ikaongezwa, mask ya dawa ikawekwa puani, na muuguzi akaambiwa asiruhusu hata tone la maji limpite mgonjwa bila yeye kuliona. Perpétue alipiga magoti akaokota sombe sakafuni, jani kwa jani, kwa sababu mikono yake haikujua ifanye nini kingine. Akawaza wiki tano. Sufuria ngapi? Kila alipoimba jikoni alikuwa anaimba na hiyo chupa mkononi.

Saa kumi na moja wakapima. Sita kasoro. Mara hii ilishuka na hakuna kilichoipandisha. Daktari Ngoga alikaa kwenye kitanda kitupu cha jirani, akavua miwani, akasema mashine ya leo huenda asiihitaji. Figo zake bado ni robo, akasema, msidanganyane, lakini leo hafi.

Perpétue akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili.

Nje ya mlango Bienfait alikuwa kwenye simu, na Misiera nzima ilikuwa upande wa pili. Yeye alikuwa ametoka kutafuta chai tangu sahani iliporuka, hakusikia lolote. "Shemeji!" akaita. "Banauliza, chumba chake babomoe sasa ao bangoje? Bantu ni bengi, banachoka."

Damascène alisimama ukutani na sanduku lake. Alimwambia Perpétue polepole, kwa namna ambayo mwingine asingesikia, "Usijisumbue, Mama Eliane. Nitahamia kijiji kingine. Huku mbali hawanijui. Wewe mwuguze mzee."

Nitasema uongo nikisema Perpétue hakushawishika. Misiera ni mbali na Mbarara. Daktari Ngoga hatakwenda kule kuhubiri. Mrundi mmoja ahame, nani atamkumbuka? Na yeye Perpétue ana meza yake sokoni, na wateja, na jina. Nani atanunua hata ndagala kwa mwanamke aliyemlisha mumewe sumu wiki tano? Mawazo hayo yote yalimpitia, na aliyatazama yakipita, na aliyapenda.

Kisha akaona ule mguu usio na kiatu. Vidole vilikuwa na vumbi la Nakivale na damu kavu, na mtu huyo aliyatembeza hayo yote mpaka hapa na daftari kiunoni.

Akatoka. "Nipe simu," akamwambia Bienfait. "Weka sauti kubwa."

"Shemeji..."

"Nipe!"

Akaishika mbele ya mdomo kama mtu anayeshika kaa la moto. "Munanisikia? Ni Perpétue, muke ya Nestor. Damascène hana kosa. Punje ni sukari. Ni mimi. Nilikuwa naweka maji ya majivu mu chakula, ile ya bamama zetu. Ile njo ilikuwa inamuua. Ni mimi na mukono yangu. Muambie kila mutu wa figo na wa presha aache majivu. Na mutu akigusa nyumba ya Damascène, akuje aguse yangu kwanza."

Akakata simu. Bienfait alimwangalia shemeji yake, akamwangalia Damascène, akaketi chini sakafuni palepale, akavua viatu vyake, akavisukuma vyote viwili kuelekea kwa Mrundi bila kuinua macho.

Perpétue aliporudi kitandani, Nestor alikuwa macho. Mask ilikuwa imeshushwa kidevuni, na mlango ulikuwa wazi muda wote. Alikuwa amesikia.

"Ulisema nini ndani ya simu?" akauliza.

"Umesikia, Baba Eliane."

"Sema tena. Unisemee mimi."

Akamsemea. Majivu, chupa, vijiko vitatu, wiki tano. Hakujitetea, hakumtaja mama yake. Nestor alimsikiliza mpaka mwisho akitazama dari, pigo likienda sawasawa kwenye mashine pembeni.

"Mama Eliane," akasema mwishowe. "Lakini ilikuwa tamu."

Tangu asubuhi Perpétue hakuwa amelia. Sasa alilia, paji la uso juu ya mkono wa mumewe, mpaka shuka ikalowa. Alipomaliza aliichukua ile chupa, akaenda nayo kwenye sinki la wauguzaji, akamwaga yote, akaisuuza, akamwaga, akaisuuza mara ya pili.